Daftari, mwenzi au mwungamishi: njia ipi ikufae katika kutafuta utakatifu na uhakika wa wokovu

Mkristo anayetaka kuishi kwa uaminifu hakosi washauri. Mmoja atamwambia auchunguze moyo wake kila jioni na kuandika anachokiona. Mwingine atamwambia atafute ndugu mmoja asiyemficha kitu. Wa tatu atamwelekeza kwa padri au mchungaji akaungame. Na kila mmoja ana andiko lake mkononi: “Ee Mungu, unichunguze” (Zaburi 139:23), “Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi” (Yakobo 5:16), au neno la Bwana kwa wanafunzi wake juu ya kuondolea dhambi (Yohana 20:23). Hakuna anayemdanganya. Ila hakuna aliyemuuliza kwanza anaumwa wapi.

Maana mtu huyu ana haja mbili, nazo hazifanani. Anataka kuacha dhambi fulani inayomrudia, na anataka kulala akijua kwamba yu mtoto wa Mungu. Njia inayoisaidia sana haja ya kwanza inaweza kuiumiza ya pili. Daftari linalomwamsha mzembe ndilo hilohilo linalomkosesha usingizi mwenye hofu. Wengi huchagua njia inayolingana na tabia yao: mpole hujifungia na daftari, mcheshi hukimbilia kikundi. Mara nyingi kingewafaa kinyume chake.

Maswali ya kuziuliza njia zote

Njia zote tatu tutaziuliza maswali matano yaleyale. Utaratibu wake ni upi na unachukua muda gani? Inafikia dhambi za aina gani? Inafanya nini kwa uhakika wa wokovu? Siri inakaa wapi? Inaharibikia wapi, na kwa nini?

Swali la tatu linataka maelezo kidogo, kwa sababu watu hulitumia neno “uhakika” kwa maana mbalimbali kisha wakabishana bure. Maandiko yanataja mizizi mitatu. Wa kwanza ni ahadi yenyewe: Yohana anasema ameandika “ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele” (1 Yohana 5:13). Wa pili ni matunda: barua hiyohiyo inasema twajua tumetoka mautini kwa kuwa twawapenda ndugu (3:14). Wa tatu ni ushuhuda wa Roho pamoja na roho zetu (Warumi 8:16).

Madhehebu hayaipi mizizi hiyo uzito sawa. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, ya makanisa ya Kireformati, inasema miongoni mwa sababu za kutenda mema ni kwamba muumini ajihakikishie imani yake kwa matunda yake. Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, sura ya 18, linakiri kwamba muumini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupita katika mapambano mengi kabla ya kuupata uhakika, na kwamba hata akiupata unaweza kutikisika. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alisisitiza ushuhuda wa Roho. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, ulifundisha kwamba hakuna awezaye kujua kwa uhakika wa imani usioweza kukosea kuwa amepata neema. Mkatoliki anaishi kwa tumaini thabiti na kwa sakramenti. Ukisoma ushauri wa mapokeo mengine bila kujua tofauti hii, utadhani una upungufu wa imani kumbe umeshika kipimo cha nyumba nyingine.

Njia ya kwanza: kujichunguza peke yako

*Utaratibu na muda.* Dakika 15 kwa siku zinatosha. Zikizidi 20, mtu anaanza kujichimba badala ya kujichunguza. Mpangilio unaotumika zaidi una hatua tano, nao ulienezwa na Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, katika karne ya 16: kushukuru, kuomba nuru, kuipitia siku, kuomba msamaha, kuazimia. Gawanya muda hivi: dakika 2 za shukrani kwa mambo mahususi, 2 za kuomba nuru, 6 za kuipitia siku saa kwa saa, 3 za toba, 2 za kuandika jambo moja la kesho. Shukrani hutangulia kwa sababu anayeanza na makosa hamalizi. Hasira yake juu yake mwenyewe inakula dakika zote.

Usifuate dhambi kumi kwa pamoja. Chagua moja, ifuate wiki nne, ukiweka alama kila inapotokea, kisha linganisha wiki na wiki, si siku na siku. Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani, alijiandikia maazimio 70 kati ya 1722 na 1723, akajipangia kuyapitia kila wiki. Alikuwa kijana wa aina yake. Kwa walio wengi maazimio 70 ni njia ya uhakika ya kushindwa mara 70.

Tazama tofauti ya maandishi haya mawili. La kwanza: “Leo nimekuwa na kiburi. Bwana nisaidie.” La pili: “Jumanne, saa nne asubuhi, kikaoni. Nilimkatiza msemaji mara mbili. Niliogopa mwingine angelisema wazo langu kabla yangu. Kesho nitasubiri watu wawili waseme kwanza.” La kwanza huwezi kulitubu wala kulirekebisha, kwa sababu halina mahali wala saa. La pili lina vyote viwili, tena limefichua kwamba chini ya kiburi kulikuwa na woga.

*Inafikia nini.* Inafaa kwa yale ambayo hakuna mwingine anayeyaona: wivu, chuki inayochekewa, uvivu wa kusali, ulimi, mawazo ya tamaa kabla hayajawa tendo. Haifikii dhambi ambayo mtu ameshaizoea kwa jina zuri. Bahili huandika kwamba ni mwangalifu na fedha, na mkali huandika kwamba anasimamia ukweli. Nyani haoni kundule, na daftari lake halitamwonyesha.

*Uhakika.* Hapa ndipo penye hatari. Daftari linaona matunda tu, tena ya siku moja. Anayeutafuta uhakika humo atakuwa mteule Jumatatu na mpotevu Alhamisi. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Scotland, alishauri kwamba kwa kila mara unayojitazama, umtazame Kristo mara kumi. Lifanye liwe kanuni ya ukurasa: mstari wa mwisho usiwe kosa, uwe ahadi iliyonakiliwa kwa mkono, kwa mfano 1 Yohana 1:9. Na daftari lisifunguliwe saa za usiku mkubwa. Mtu aliyechoka huona kila kitu kimeharibika, na hukumu inayotoka saa hiyo ni ya mwili uliochoka, wala si lazima iwe ya Roho.

*Siri.* Ni kamili, alimradi karatasi haikuokotwa. Usiandike jina la mtu mwingine. Kurasa za mwezi uliopita zichane; zilizosamehewa hazina kazi ya kukaa kabatini.

*Inapoharibikia.* Kwanza, linakuwa kitabu cha hesabu, mtu akianza kumdai Mungu faida. Pili, mtu anaruka siku tatu, anaona aibu, anataka kuzilipa zote kwa pamoja, kisha anaacha. Dawa ya hili ni ndogo: siku iliyopita imepita, anza na ya leo.

Njia ya pili: mwenzi au kikundi cha kuwajibishana

*Utaratibu na muda.* Mkutano mmoja kwa wiki, siku na saa isiyobadilika: dakika 60 kwa watu wawili, 90 kwa watatu au wanne. Wakizidi wanne, mtu anapata pa kujificha. Kanuni ambazo Wesley aliziandika kwa vikundi vyake tarehe 25 Desemba 1738 bado zinatumika kama kipimo kizuri: kukutana mara moja kwa wiki, kufika kwa saa iliyopangwa, kusema wazi hali ya nafsi, na kumaliza kwa kumwombea kila aliyehudhuria. Maswali yake yalikuwa makali. Umetenda dhambi gani unazozijua tangu tulipoonana? Umekutana na majaribu gani? Uliokolewaje katika majaribu hayo? Kuna jambo ulilowaza, ulilosema au ulilotenda ambalo una shaka kama ni dhambi au siyo?

Swali la mwisho ndilo ambalo vikundi vya siku hizi vimelisahau, na labda ndilo lenye manufaa kuliko yote. Dhambi iliyo wazi mtu anaijua. Kinachomsumbua ni mkopo ambao hakusema atalipa lini, au ujumbe wa simu ambao haukuwa na ubaya lakini aliufuta.

Kuchagua mwenzi kuna masharti. Awe wa jinsia yako, asiwe bosi wako wala wa chini yako kazini, asiwe anakudai wala unamdai. Asiwe mwenzi wako wa ndoa peke yake: si kwamba umfiche, bali yeye ndiye anayeumizwa na dhambi nyingi za nyumbani, na ukimfanya msimamizi wako unamgeuza polisi katika nyumba yake mwenyewe. Tena asiwe anapigana na dhambi ileile kwa nguvu ileile. Wawili wanaozama hawaokoani.

*Inafikia nini.* Inashika tabia zinazojirudia: picha chafu, pombe, matumizi ya fedha, hasira nyumbani, uongo mdogomdogo wa kazini. Mtu anajua Alhamisi ataulizwa, na swali hilo humkuta Jumanne akiwa peke yake. Inafichua pia majina mazuri ambayo daftari liliyaacha, mradi mwenzi awe na ujasiri wa kuuliza mara ya pili. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

“Wiki ilikuwaje, ndugu?”
“Si mbaya. Nimeteleza kidogo, lakini Mungu ni mwema.”
“Uliteleza siku gani?”
“Jumamosi.”
“Saa ngapi? Ulikuwa wapi, na simu ilikuwa wapi?”
“Saa sita usiku. Kitandani.”
“Basi wiki hii simu ilale sebuleni. Alhamisi nitakuuliza.”

Angalia kwamba “Mungu ni mwema” karibu liufunge mlango. Maneno ya kiroho ni mapazia mazuri, na mwenzi mwema huyasogeza kwa upole bila kuyadharau.

*Uhakika.* Kwa mwenye hofu, hii mara nyingi ni dawa, kwa kuwa mtu mwingine huona matunda ambayo mwenyewe hayaoni: “Mwaka jana usingeomba radhi kwa jambo kama lile.” Lakini mwenzi hana mamlaka ya kutangaza kwamba umeokoka. Akishika kazi hiyo, utaanza kuishi kwa uso wake. Akikunja kipaji, wokovu umepotea. Anachoweza ni kukusomea ahadi kwa sauti, ukaisikia ikitoka nje ya kichwa chako.

*Siri.* Ni dhaifu kuliko njia zote tatu. Hailindwi na kiapo wala sheria ya kanisa, ni uungwana tu. Mara nyingi uvujaji huja ukiwa umevaa nguo za ibada: “Tumwombee fulani, anapitia jambo zito.” Kubalianeni siku ya kwanza kwamba hakuna ombi linalotoka nje ya chumba bila ruhusa ya mwenyewe. Na kubalianeni pia kwamba jambo linalohatarisha maisha ya mtu, hasa mtoto, halifichwi na urafiki.

*Inapoharibikia.* Baada ya miezi michache mkutano hugeuka kuwa wa kulalamikia kazi, watoto na kanisa, na dakika 5 za mwisho ndipo wanaulizana “uko sawa?” Sababu ni rahisi: waliacha maswali yaliyoandikwa wakidhani wamekomaa. Anzeni na maswali, malalamiko yafuate. Namna nyingine ya kuharibika ni mmoja kuwa mshauri wa kudumu na mwingine mgonjwa wa kudumu. Asiyeungama chochote kwa wiki sita ama amekuwa malaika, ama amehama kundi bila kuaga.

Njia ya tatu: kuungama mbele ya padri au mchungaji

*Utaratibu na muda.* Inategemea kanisa. Kwa Wakatoliki ni sakramenti yenye sehemu zake: majuto, kuungama, maondoleo na malipizi. Mtaguso wa Laterani wa 1215 uliagiza kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, na sheria ya sasa bado inawadai hivyo wenye dhambi nzito. Dhambi nzito hutajwa kwa aina na idadi, pamoja na mazingira yanayobadilisha aina yake: kuiba ni jambo moja, kuiba sadaka ni jingine. Kwa Waorthodoksi padri husimama pamoja na mwenye kutubu kama shahidi mbele ya Kristo. Luther hakuifuta toba ya faragha. Katekisimu yake Ndogo ya 1529 ina sehemu inayofundisha namna ya kuungama. Waanglikana wana msemo kwamba wote waweza, hakuna anayelazimishwa, na baadhi yawapasa. Katika makanisa ya Kibaptisti na ya Kipentekoste hakuna tamko rasmi la maondoleo. Mtu humwendea mchungaji kwa ushauri na maombi.

Maandalizi ni dakika 15 hadi 20 nyumbani. Kuungama kwenyewe dakika 5 hadi 10. Anza na lile zito unaloliogopa. Ukiliacha liwe la mwisho, utalipunguza maneno mpaka lisitambulike. Sema ulichofanya, usisimulie waliokukosesha.

*Inafikia nini.* Inafaa kwa dhambi nzito ya zamani iliyokaa moyoni kama jiwe: uzinzi, kutoa mimba, wizi mkubwa, usaliti. Mambo hayo daftari limeyarudia miaka bila faraja, na mwenzi wa kawaida hana ukomavu wa kuyabeba. Haifai sana kwa tabia ya kila siku, kwa kuwa mwungamishi hayupo nawe Jumamosi saa sita usiku. Na kuungama hakulipi deni: aliyechukua cha mtu arudishe, kama Zakayo (Luka 19:8).

*Uhakika.* Nguvu yake ni kwamba neno la msamaha linatoka nje, kwa sauti ya binadamu, likikuhusu wewe kwa jambo ulilolitaja. Moyo unaotuhukumu hauwezi kudai kwamba hakuna aliyejua ukweli wote. Lakini mwenye dhamiri ya wasiwasi hupata swali jipya papo hapo mlangoni: je, niliungama vizuri? Luther alipokuwa mtawa alimchosha mwungamishi wake, Johann von Staupitz, kwa kuungama saa nyingi kisha kurudi na aliyoyakumbuka njiani. Kwa mtu wa namna hii ushauri wa waungamishi ni wa kale na wa busara: mwungamishi mmoja tu, siku iliyopangwa, na marufuku kurudia dhambi zilizokwisha kuungamwa.

*Siri.* Kwa padri Mkatoliki siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, na akiivunja waziwazi anajipatia adhabu ya kutengwa na Kanisa. Kwa mchungaji, hali hutofautiana kati ya kanisa na kanisa, na kati ya nchi na nchi. Muulize kabla ya kuanza: “Mchungaji, nitakalosema litabaki kwako, au kuna mambo unalazimika kuyapeleka mbele?” Si swali la utovu wa adabu.

*Inapoharibikia.* Orodha ileile kila mwezi, kwa maneno yaleyale, bila badiliko lolote katika mazingira yanayozaa dhambi. Mtu anapata wepesi na kuudhania kuwa ni badiliko. Wengine huhamahama kutafuta mwungamishi asiyeuliza.

Ikuangukie ipi?

Kama una hofu kila siku kwamba hukusamehewa, weka daftari chini kwa sasa, hata kama unalipenda. Hasa kama unalipenda. Chukua mwungamishi mmoja au mchungaji mmoja mkomavu, na utii anapokuambia inatosha. Kama mawazo ya hatia yanajirudia kwa saa nzima, yanakulazimisha kurudia sala mpaka “zitoke sawa”, au yanakunyima chakula na usingizi, mwone pia daktari. Huo waweza kuwa ugonjwa unaotibika, na hautibiki kwa kuongeza toba.

Kama huna hofu yoyote na hukumbuki lini uliomba radhi mara ya mwisho, daftari la wiki nne litakufaa kuliko kikundi, kwa sababu kikundini utakuwa mshauri.

Kama ni tabia inayokushinda usiku au ukiwa peke yako, tafuta mwenzi. Ukiwa umeshaungama jambo hilo zaidi ya mara tatu bila kubadilisha kitu mazingirani, mwungamishi mwenyewe atakuambia hivyohivyo.

Kama ni jambo moja zito la zamani, nenda ukaungame mara moja kwa ukamilifu, kwa utaratibu wa kanisa lako. Usianze kwa rafiki. Siri ikivuja hapo, hutarudi tena kwa mtu yeyote.

Kama unaishi mbali na kanisa au saa zako za kazi hazitabiriki, anza na daftari, na upange simu ya dakika 30 kila wiki na ndugu unayemwamini, wote mkiwa na yale maswali manne ya Wesley mbele yenu.

Mwenye nguvu na muda anaweza kuunganisha: daftari la dakika 15, mwenzi mara moja kwa wiki, ungamo kila mwezi au majira makubwa ya kanisa. Ila usizianze zote wiki moja. Anza na ile inayokugusa unapoumwa, ipe wiki sita, kisha uliza mambo mawili kwa kutenganisha: ile dhambi imepungua? Na je, naikimbilia ahadi ya Mungu kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi kuliko nilipoanza? Jibu la kwanza likiwa ndiyo na la pili likiwa “kwa shida zaidi”, badilisha njia hata kama dhambi imepungua.